Kuchuliwa Misuli ni Tiba, si Kukandwa kama Unga

Mgongo umekuwa ugonjwa wa kila nyumba. Shika njia kutoka Ruiru hadi Thika na hutakosa kumwona mtu aliyejishika kiuno. Dereva wa matatu ameketi nyuma ya usukani tangu alfajiri. Kijana wa machimbo ya Ndarugo anapakia mawe ya kujengea, na mwashi wa Ruiru anayapandisha mawe yayo hayo hadi orofa ya 4, katika mitaa iliyochipuka mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa. Mvunaji wa mananasi kule Thika anainama siku nzima. Fundi wa cherehani na mwanafunzi wa chuo wote wawili wamekunjika, mmoja juu ya kitambaa na mwingine mbele ya kompyuta.

Maumivu hayo yamezaa biashara. Vibao vya masaji vimetundikwa juu ya maduka ya dawa, kando ya vinyozi na kwenye vyumba vya ghorofani. Baadhi ya walio ndani ni wataalamu waliosomea kazi yao miaka mingi. Wengine walifundishwa kwa majuma machache tu. Wengine hawakufundishwa na mtu. Walinunua chupa ya mafuta na kitanda. Mgonjwa hajui yupi ni yupi. Mfa maji hukamata maji, na mtu ambaye hajalala siku tatu kwa sababu ya mgongo akiambiwa kuna mkono unaobonyeza hadi ndani kabisa, ataukimbilia pasipo kuuliza.

Basi leo, ndugu msomaji, tuuzungumzie mkono huo. Unafanya nini hasa? Unasaidia wapi? Na ni wakati gani ambapo haufai kukugusa?

KAZI YENYEWE

Kukandana si jambo geni kwetu. Katika Pwani, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na mwanamke mwenye uzoefu. Katika kandanda, mchua misuli huingia uwanjani mbio na mkoba wake mchezaji anapoanguka akishika paja. Vijijini wapo wazee wanaojulikana kwa mikono yao, na mtu akiteguka huelekezwa kwao kabla hajafikiria hospitali.

Kuchua kwa kina ni tawi moja la kazi hiyo. Katika tiba ya viungo, ambayo wengi huiita fizio, mtaalamu huanza taratibu kwa viganja vyote viwili ili misuli ya juu ipate joto na ilegee. Kisha hushuka hatua kwa hatua, akitumia kidole gumba, konzi, kigasha au kiwiko, hadi kwenye misuli iliyo chini na ule utando unaoifunika. Mkono huenda polepole. Mara hufuata mkondo wa nyuzi za msuli, mara huzikata kwa kwenda upande.

Neno kina ndilo linalowapoteza wengi. Watu hudhani kina ni nguvu, na kwamba asiyekuliza hakukutibu. Sivyo. Msuli ukibonyezwa kwa ghafla na kwa nguvu hujikaza ili kujilinda, na mkono haufiki popote. Msuli ukibonyezwa polepole hulegea wenyewe na kumfungulia mchuaji njia. Wataalamu wengi humwomba mgonjwa ayapime maumivu yake kuanzia 0 hadi 10. Yakikaribia 7, mkono hupunguzwa. Ukiona umeuma meno, umekunja ngumi na kuzuia pumzi, ujue mkono umepita mpaka, na una haki ya kusema basi.

MAFUNDO NA SUMU

Kuna mambo mawili ambayo husemwa sana vitandani humo.

La kwanza ni kwamba mgongo una mafundo, na mchuaji huyavunja kama avunjavyo madonge ya ugali. Ni kweli kwamba vidole huhisi sehemu zilizokaza. Lakini sehemu hizo si donge la kitu kigumu linalosagwa likaisha. Ni msuli uliojikaza kwa amri ya neva, aghalabu kwa sababu umechoka, umekaa mkao mmoja muda mrefu, au unakilinda kiungo kinachouma. Mbonyezo wa mkono huzipa neva habari nyingine. Ubongo hupunguza ulinzi, msuli huachilia, na maumivu hushuka. Ndiyo sababu nafuu huja upesi, na ndiyo sababu pia msuli unaweza kukaza tena juma lijalo ikiwa kilichoukaza bado kipo.

La pili ni kwamba kuchua hutoa sumu mwilini. Sumu za mwili hutolewa na ini na figo, wala si kiwiko cha mtu. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa vijana 11 waliofanya mazoezi makali ya baiskeli. Kila mmoja alichuliwa mguu mmoja kwa dakika 10, na mguu wa pili ukaachwa. Walipochunguza vipande vidogo vya msuli, waliona kwamba dalili za uvimbe wa ndani zilikuwa zimepungua katika mguu uliochuliwa. Lakini ile asidi ya laktiki, ambayo wanariadha wengi huambiwa kwamba huondolewa kwa kuchuliwa, haikupungua. Basi faida ipo, ila si ile inayohubiriwa.

WAUGUZI WANNE WA LONDON

Huenda msomaji akashangaa kujua kwamba fani ya fizio ya Uingereza, ambayo Kenya iliirithi kwa sehemu kubwa, ilianzishwa kwa sababu ya vibao kama hivi vyetu.

Miaka ya mwanzo ya 1890 mji wa London ulijaa nyumba za masaji. Baadhi zilikuwa za kazi halali na nyingine zilikuwa madanguro yaliyojificha nyuma ya jina hilo. Jarida la madaktari la nchi hiyo lilipoifichua aibu hiyo, wauguzi na wakunga waliokuwa wakiwachua wagonjwa kwa uaminifu walijikuta wamepakwa matope pamoja na wasio waaminifu. Mwaka 1894 wanne kati yao, yaani Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, waliunda chama. Waliweka mitihani. Waliweka kanuni, mojawapo ikiwa kwamba mchuaji asimshughulikie mgonjwa bila maelekezo ya daktari. Vita Kuu ya kwanza ilipoleta maelfu ya majeruhi, mikono hiyo iliyofunzwa ikahitajika sana. Mwaka 1920 chama kilipewa hati ya kifalme, na mwaka 1944 kikachukua jina lenye neno fiziotherapi.

Wauguzi hao hawakukataza masaji. Walichofanya ni kuweka mpaka kati ya aliyefunzwa na asiyefunzwa, ili mgonjwa ajue anajitia mikononi mwa nani.

Kenya nayo iliweka mpaka wake kwa Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapi ya mwaka 2014. Sheria hiyo iliunda Baraza la Fiziotherapi, ambalo huwasajili wenye sifa na kuwapa leseni. Asiyesajiliwa akijiita mtaalamu wa fizio anavunja sheria. Kufuzu si mchezo: stashahada huchukua miaka 3, na shahada ya chuo kikuu huchukua 4. Mwanafunzi husoma mifupa, misuli, neva, moyo na mapafu, kisha hupelekwa wodini kufanya kazi chini ya macho ya walimu wake.

MASWALI KABLA YA MAFUTA

Njia rahisi ya kumtambua mtaalamu ni kusikiliza anachofanya kabla hajakugusa. Ukienda idara ya fizio katika hospitali ya umma kama ile ya Thika, ambayo ni ya Level 5, hutaanzia kitandani. Utaanzia kwenye kiti. Mazungumzo huwa kama haya:

"Mzee, maumivu haya yalianza lini?"

"Tangu niinue mawe juma lililopita, daktari."

"Yanashuka mguuni?"

"Yanashuka kidogo."

"Usiku yanakuamsha? Umekonda siku hizi? Haja ndogo inaenda sawasawa?"

"Daktari, mimi nimekuja kuchuliwa mgongo. Habari za choo zimeingiaje?"

Zimeingia kwa sababu neva zinazoongoza kibofu hupita chini ya uti wa mgongo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye ghafla hawezi kuzuia au kutoa mkojo, au anayehisi ganzi katika sehemu anayokalia, huenda neva zake zimebanwa. Huyo hahitaji kuchuliwa. Anahitaji kufikishwa hospitali siku iyo hiyo, kwa sababu akichelewa anaweza kubaki na ulemavu.

Hali kadhalika maumivu yasiyopungua hata ukilala, yakiandamana na homa, kutokwa jasho usiku au kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi hudhani kifua kikuu hukaa mapafuni tu. La, huweza kuingia ndani ya pingili za mgongo na kuzila. Saratani nayo huweza kufika kwenye mifupa. Mgongo kama huo ukikandamizwa kwa kiwiko, pingili inaweza kuvunjika.

MAHALI PASIPOGUSWA

Ikate orodha ifuatayo uibandike ukutani, maana inahusu kila umri.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, hasa baada ya upasuaji, baada ya kujifungua au baada ya kulazwa muda mrefu, lisichuliwe kamwe. Huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mkono ukiibandua damu hiyo, inaweza kusafiri hadi mapafuni na kumuua mtu. Enda kwa daktari.

Aliyeanguka kwenye bodaboda apigwe eksirei kwanza ikiwa hawezi kukanyagia mguu au mfupa unauma ukiguswa. Mguu ulioteguka usichuliwe kwa nguvu siku 2 au 3 za mwanzo. Ndani nyuzi zimechanika na damu inavuja, na kuuchua ni kuongeza uvujaji.

Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu kwa urahisi. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hawezi kukwambia kwamba unamuumiza. Bibi mwenye umri mkubwa huenda mifupa yake imekuwa myepesi, na mbavu zake haziwezi kuuhimili uzito wa mtu mzima. Mama mjamzito aende kwa mtaalamu anayeijua hali yake. Na sehemu ya mbele ya shingo, ambako mishipa mikubwa hupeleka damu kichwani, si mahali pa kuchimbwa na kidole cha mtu yeyote.

Baada ya kuchuliwa, kuumwa kidogo kwa siku 1 au 2 ni kawaida. Lakini misuli ikivimba, ikawa dhaifu, na mkojo ukageuka rangi ya kahawa, usingoje. Msuli uliopondwa sana humwaga chembe zake ndani ya damu, na figo zinaweza kuzidiwa. Hili ni nadra, lakini limewahi kuwapata watu waliochuliwa kwa nguvu kupita kiasi.

JE, INAPONYA?

Hapa panataka ukweli, kwa sababu fedha za nyumba zinahusika.

Mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane, jumuiya ya kimataifa inayokusanya na kupima majaribio ya tiba, waliangalia majaribio 25 kuhusu masaji kwa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Yalihusu watu zaidi ya 3,000. Waliona kwamba masaji huweza kuleta nafuu ya muda mfupi, lakini ubora wa majaribio mengi ulikuwa wa chini kiasi kwamba hawakuweza kuyategemea sana. Nafuu ya muda mrefu haikuonekana wazi.

Hata ile mbinu maarufu ya kusugua kano kwa kuikata upande, ambayo daktari James Cyriax wa Hospitali ya St Thomas' mjini London aliieneza katika karne iliyopita, haijapata ushahidi wa kutosha. Cochrane walipoichunguza mwaka 2014 kwa maumivu ya kano za kiwiko na goti, walipata majaribio 2 tu, yenye wagonjwa 57. Kwa idadi hiyo mtu hawezi kusema inafaa wala haifai.

Je, tuitupe? Hapana. Nafuu ya siku mbili tatu si kitu kidogo kwa mtu aliyeshindwa kuinama. Ila ni lazima itumiwe. Mtaalamu mzuri humchua mgonjwa ili mgongo ulegee, halafu papo hapo humsimamisha na kumfundisha mazoezi: kuinuka na kuketi bila kujishika, kuinua nyonga akiwa amelala chali, kunyoosha misuli ya nyuma ya paja, kutembea kila siku. Mkono hufungua mlango, na mgonjwa ndiye anayepaswa kuingia. Asipoingia, mlango hujifunga tena, naye hurudi kulipa ili ufunguliwe upya.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya tiba na biashara. Tiba ina mwisho. Mtaalamu atakwambia, "Tuonane mara 4 au 6 kisha tupime tumefika wapi," na kila ukija anataka kujua kama sasa unaweza kufunga viatu, kubeba ndoo au kukaa ndani ya matatu hadi Nairobi bila kusimama. Mfanyabiashara atakwambia uje kila Jumamosi, mwaka nenda mwaka rudi, na siku moja hatakuuliza unajitahidi vipi nyumbani. Kumtegemea mtu kwa mgongo wako ni gharama isiyo na kikomo.

KABLA HUJALIPA

Yako maswali manne ambayo kila mzazi na kila mwanafunzi anaweza kuuliza kwa heshima, bila kumkosea mtu.

Kwanza: je, umesajiliwa na Baraza, na leseni yako ya mwaka huu iko wapi? Aliyesajiliwa hataona haya kuionyesha. Pili: umeona shida yangu ni nini? Akijibu "mafundo" tu, bila kukupima wala kukuuliza lolote, shukuru uondoke. Tatu: tutafanya mara ngapi, na tutajuaje kwamba napata nafuu? Nne: nifanye nini nyumbani? Asiyekuwa na jibu la swali hili la nne hana tiba kamili, hata mikono yake iwe mitamu namna gani.

Una haki pia ya kufunikwa sehemu zisizohitaji kuguswa, na ya kuwa na mtu wako chumbani. Msichana wa chuo asiambiwe kwamba nduguye lazima angoje nje. Kuhusu malipo, bima ya zamani ya NHIF ilikoma mwaka 2024 na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kabla hujapanga safari, uliza dawati la hospitali ni huduma gani za fizio zinazolipiwa kwako.

Asiyetaka kuchuliwa anataka tu kupumzika naye asilaumiwe. Masaji ya starehe, ya mkono mwepesi, kwa mtu mzima asiye na maradhi, haina ubaya. Ubaya huanza pale starehe inapojiita matibabu.

Na wale wanaokesha na mgongo nyumbani wajue neno moja la mwisho. Zamani madaktari waliagiza kulala kitandani majuma mawili. Siku hizi hawaagizi hivyo, kwa kuwa imeonekana kwamba mgongo unaolazwa sana hupona polepole. Maumivu mengi ya kawaida ya mgongo hupungua ndani ya majuma machache mtu akiendelea kusonga kadiri awezavyo. Dereva ashuke kwenye gari lake anapongoja abiria, azunguke mara mbili. Fundi wa cherehani ainuke kila nusu saa. Mwanafunzi avae mkoba mabegani mwote mawili, na kompyuta yake aiinue juu ya vitabu ili asiinamishe shingo. Mwashi na mpakiaji waliweke jiwe karibu na kifua wanapoliinua, na wasione aibu kuita mwenzao, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwajiri pia ana sehemu yake. Kijana akivunjika mgongo akiwa na umri wa miaka 30, nyumba nzima hulala njaa, na hakuna mafuta wala kiwiko kitakachoirudisha mishahara iliyopotea. Gari la mkono la kubebea mawe hugharimu fedha kidogo kuliko hizo.

Hadi Jumapili ijayo, jitunze na uwatunze wa kwako.